Kufuatilia hesabu ya damu ya mgonjwa wa kifua kikuu sugu: mwongozo kwa wahudumu wa kliniki

Mgonjwa wa kifua kikuu sugu, yaani TB isiyosikia dawa za kawaida, hutolewa damu mara nyingi kuliko mgonjwa wa TB ya kawaida, lakini karatasi nyingi za majibu huishia kwenye faili bila kusomwa kwa makini. Mashine ya maabara huweka alama pembeni ya namba iliyovuka mpaka. Mhudumu anatupia jicho, haoni alama, anafunga faili na kumwita anayefuata. Hapo ndipo tatizo linapopita bila kuonekana, kwa sababu namba inaweza kuwa ndani ya mipaka ya kawaida huku inaporomoka, na nyingine ikawa nje ya mipaka wakati mgonjwa anapona vizuri tu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya muuguzi, tabibu au mfamasia anayeshika faili hilo. Mgonjwa mwenyewe, au ndugu anayemuuguza, akiusoma hatapotea. Uamuzi wa kupunguza au kusimamisha dawa unabaki kwa daktari au jopo la TB sugu, na mwongozo wa nchi yako ndio wenye neno la mwisho kuhusu mipaka.

Hatua ya 1: Jua damu inavutwa na nini

Kuna nguvu mbili zinazoivuta damu ya mgonjwa huyu, na haziendi upande mmoja. Usipozitenganisha kichwani, majibu yatakuchanganya kila mwezi.

Ya kwanza ni ugonjwa wenyewe. Uvimbe wa muda mrefu unaoletwa na maambukizi hulifanya ini litoe kwa wingi homoni iitwayo hepsidini, na homoni hiyo huzuia madini ya chuma yasitoke kwenye hifadhi za mwili. Chuma kipo, ila uboho unaotengeneza damu haukipati. Ndiyo maana wagonjwa wengi wanafika wakiwa na Hb (hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu) ya 9 au 10 kabla hawajameza kidonge hata kimoja. Wakati huohuo chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hupanda. Kuzikuta zimevuka 450, yaani 450,000 kwa mikrolita, si ajabu. Kati ya chembe nyeupe, neutrofili na monosaiti nazo hupanda, limfosaiti hushuka. Mara chache bakteria huingia hadi kwenye uboho, na hapo aina zote tatu za chembe, nyekundu, nyeupe na sahani, hushuka pamoja.

Sasa fikiria mgonjwa anayepona. Hb yake inatakiwa ipande polepole, chembe sahani zishuke kurudi kwenye kawaida, neutrofili zipungue, limfosaiti ziongezeke. Huu ndio mwelekeo unaoutarajia, na ndio kipimo utakachotumia kusoma kila karatasi inayokuja.

Nguvu ya pili ni dawa, hasa linezolidi. Dawa hii huua bakteria kwa kuzuia ribosomu zake zisitengeneze protini. Bahati mbaya, mitokondria, sehemu zinazotengeneza nishati ndani ya seli zetu, zina ribosomu zinazofanana na za bakteria, kwa hiyo nazo hupata kipigo. Uboho huzalisha seli usiku na mchana na unahitaji nishati nyingi, hivyo huumia mapema. Mishipa ya fahamu ya miguu na ya macho huumia kwa njia hiyohiyo, ndiyo maana mgonjwa mwenye ganzi nyayoni anastahili kuangaliwa damu pia, na mwenye damu inayoshuka aulizwe kuhusu ganzi na macho.

Kiwango cha dozi kina uzito mkubwa hapa. Katika jaribio la Nix-TB lililofanyika Afrika Kusini, wagonjwa walianza na miligramu 1200 za linezolidi kwa siku pamoja na dawa nyingine mbili za TB sugu, bedakwilini na pretomanidi. Asilimia 90 walipata matokeo mazuri, ila karibu nusu yao, asilimia 48, uboho wao ulidhoofika. Jaribio la ZeNix lililochapishwa mwaka 2022 lilijaribu dozi ndogo, na kwa waliopewa miligramu 600 kwa wiki 26 tatizo hilo lilionekana kwa asilimia 2 tu. Hiyo ndiyo sababu mpangilio wa BPaLM (bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini) wa miezi 6, uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022, unatumia miligramu 600. Asilimia 2 isikulaze usingizi, lakini. Wagonjwa wa majaribio huchujwa kabla ya kuingizwa. Wako hawachujwi: wana figo dhaifu, wana umri mkubwa, wana uzito mdogo, wengine wanameza dawa nyingine zinazogusa uboho.

Hatua ya 2: Pata kipimo cha mwanzo kabla ya dozi ya kwanza

Bila kipimo hiki huna cha kulinganisha, na kila utakachosema baadaye kitakuwa kubahatisha. Omba hesabu kamili ya damu, yenye mgawanyo wa chembe nyeupe. Kipimo cha Hb cha kuchoma kidole hakitoshi, maana hakikuonyeshi chembe sahani wala neutrofili.

Kipimo cha mwanzo kina faida nyingine. Watu wengi wenye asili ya Afrika, na baadhi ya watu wa Mashariki ya Kati, wana neutrofili chache kiasili bila ugonjwa wowote. Mtu aliyeanza na neutrofili 1.4 (yaani 1,400 kwa mikrolita) na bado ana 1.4 baada ya miezi miwili hajadhurika na dawa. Ukiikuta 1.4 hiyo mwezi wa pili bila ya mwanzo, utamsimamishia mtu dawa bure.

Siku hiyohiyo muulize haya na uyaandike: anaishi na VVU na anatumia ARV zipi, anakohoa damu, hedhi yake ni nzito, ni mjamzito, amewahi kuwa na tatizo la figo, amewahi kuongezewa damu. Kama anatumia zidovudini, mojawapo ya ARV, piga simu kwa wenzako wa kliniki ya VVU kabla hajaanza linezolidi. Dawa hizi mbili zote hukandamiza uboho na hazifai kukaa kwa mtu mmoja ikiwa kuna njia nyingine. Kwa kawaida zidovudini hubadilishwa na tenofovia. Kotrimoksazoli, antibiotiki ya kinga kwa wenye VVU, nayo inaweza kushusha chembe, ingawa kwa dozi ya kinga si mara nyingi. Usiikate, ila ijue kwamba ipo.

Hb ikiwa chini ya 8 mwanzoni, usianzishe linezolidi kimyakimya wala usiahirishe matibabu yote. Mpeleke mgonjwa kwa daktari siku hiyohiyo. Anaweza kuongezewa damu kwanza, au kupangiwa mchanganyiko mwingine wa dawa.

Hatua ya 3: Hakikisha sampuli ni ya kuaminika

Kuna majibu mabaya ambayo ugonjwa wake uko kwenye mrija.

Jaza mrija wa kifuniko cha zambarau hadi alama yake, kisha upindue taratibu mara 8 hadi 10. Usiutikise kama chupa ya dawa ya kikohozi. Usitoe damu kwenye mkono wenye dripu, maana maji yatashusha kila namba. Sampuli ifike maabara siku hiyohiyo.

Ukiona chembe sahani zimeshuka ghafla hadi 40 kwa mtu asiye na dalili hata moja, waombe maabara waangalie tone la damu kwa hadubini kabla hujamtia mgonjwa hofu. Kemikali iliyo ndani ya mrija wa zambarau huweza kuzifanya chembe sahani za baadhi ya watu zigandamane, na mashine ikahesabu lundo zima kama chembe moja. Kurudia kwa mrija wa kifuniko cha bluu mara nyingi hulimaliza suala.

Jihadhari pia na mgonjwa aliyekuja ametapika siku mbili. Damu yake imekolea kwa kukosa maji, Hb itasomeka juu kuliko ilivyo. Akishakunywa vizuri itaonekana kama imeshuka.

Hatua ya 4: Weka ratiba, na weka karatasi moja

Ratiba inayotumika sana ni kipimo cha mwanzo, kipimo cha wiki ya 2, halafu kila mwezi hadi linezolidi iishe. Mwenye Hb ya chini mwanzoni, mwenye figo dhaifu au aliyepunguziwa dozi hupimwa kwa karibu zaidi.

Kipimo cha wiki ya 2 ndicho kinachorukwa zaidi, na sijui kwa nini, kwa sababu ndicho chenye habari. Chembe sahani huishi siku 7 hadi 10, neutrofili hukaa kwenye damu muda mfupi zaidi, ila chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Uboho ukizubaa leo, chembe sahani na neutrofili zinaweza kuonyesha ndani ya wiki mbili, huku Hb ikiteremka pole kwa wiki kadhaa. Madhara mengi ya damu hujitokeza ndani ya miezi 2 au 3 ya mwanzo. Baadaye hatari haiondoki, inapungua.

Majibu yote yaandikwe kwenye karatasi moja yenye safu: tarehe, wiki ya matibabu, dozi ya linezolidi, Hb, chembe nyeupe, neutrofili kwa idadi, chembe sahani, uzito. Ibandike mbele ya faili. Karatasi za maabara zikiachwa zimetawanyika kati ya kurasa za faili, hakuna atakayeuona mteremko.

Hatua ya 5: Soma mteremko

Kwanza kagua vizio. Maabara moja inaandika Hb 10.8, nyingine 108. Ni kitu kimoja. Chembe sahani 150 na 150,000 ni kitu kimoja. Mgonjwa aliyehamishiwa kwako anaweza kuja na vizio tofauti na vyako, na mashine tofauti, kwa hiyo tofauti ndogo kati ya karatasi yao na yako usiipe uzito.

Pili, neutrofili zihesabu kwa idadi, usizisome kwa asilimia. Chukua chembe nyeupe zote, zidisha kwa asilimia ya neutrofili. Chembe nyeupe 2.6, neutrofili asilimia 30: 2.6 mara 0.30 ni 0.78. Hiyo ni hatari. Kwenye karatasi hiyohiyo limfosaiti zitasomeka asilimia 60 na alama ya "juu", na wengi hubaki wakishangaa limfosaiti ilhali hazijaongezeka. Zimebaki peke yake baada ya neutrofili kukimbia.

Tatu, linganisha Hb ya leo na ya mwanzo. Kushuka kwa zaidi ya robo kunatosha kukuinua kitini, hata kama namba yenyewe haitishi. Zidisha Hb ya mwanzo kwa 0.75, uandike jibu juu ya karatasi kwa kalamu nyekundu; huo ndio mpaka wa mgonjwa huyo.

Tuchukue mfano wa karatasi ya kubuni. Mwanzo: Hb 12.4, chembe sahani 540, chembe nyeupe 11.2 zenye neutrofili asilimia 78, uzito kilo 47. Mpaka wake mwekundu ni 9.3. Wiki ya 2: Hb 12.1, chembe sahani 430. Wiki ya 4: Hb 11.0, chembe sahani 310, uzito kilo 49. Wiki ya 8: Hb 9.2, chembe sahani 165, chembe nyeupe 3.1 zenye neutrofili asilimia 41, uzito kilo 50, kikohozi kimeisha.

Wiki ya 2 haina neno. Chembe sahani zimeshuka kwa sababu uvimbe unatulia, na Hb imetikisika kwa kiasi ambacho mashine yenyewe inaweza kukosea.

Wiki ya 4 ndipo panapotaka jicho. Mgonjwa anaongezeka uzito, anapona, kwa hiyo Hb ilitakiwa ipande au angalau isimame. Imeshuka. Ukiwa na kipimo cha Hb peke yake utasema 11.0 si mbaya kwa mgonjwa wa TB, na ni kweli si mbaya, ila inaelekea kusiko. Hapa hupunguzi dawa. Unarudia kipimo baada ya wiki moja au mbili badala ya kusubiri mwezi.

Wiki ya 8 Hb imepita chini ya mpaka mwekundu. Neutrofili ni 1.27 na zilikuwa karibu 8.7. Chembe sahani 165 mashine haijaziwekea alama yoyote, kwa kuwa mpaka wa chini ni 150, lakini zimepoteza zaidi ya theluthi mbili ya zilivyokuwa na bado zinateremka. Aina zote tatu zinakwenda chini kwa mtu ambaye mwili wake unapona. Hiyo ni dawa mpaka ithibitike vinginevyo, na daktari apigiwe simu siku hiyo.

Hatua ya 6: Jua mipaka ya kuchukua hatua

Mipaka inayotumika katika programu nyingi ni hii:

- Hb 9.4 hadi 8.0, au chembe sahani 74 hadi 50: fuatilia kwa karibu, daktari afikirie kupunguza linezolidi.
- Hb 7.9 hadi 6.5, chembe sahani 49 hadi 20, au neutrofili chini ya 1.0: linezolidi husimamishwa, na hurudishwa kwa dozi ndogo hali ikitengemaa.
- Hb chini ya 6.5, chembe sahani chini ya 20, au neutrofili chini ya 0.5: husimamishwa mara moja, mgonjwa hulazwa, na suala la kuongezewa damu huamuliwa hapohapo.

Angalia kwamba neutrofili zimewekewa ukali zaidi. Mwenye neutrofili chache akipata homa ya 38 ni dharura, si mgonjwa wa kurudi kesho.

Kupunguza mara nyingi humaanisha kutoka miligramu 600 hadi 300. Daktari atasita zaidi ikiwa mgonjwa yuko wiki za mwanzo, wakati bakteria bado ni wengi na linezolidi inahitajika kwa nguvu zake zote. Ikibidi linezolidi iondolewe moja kwa moja mapema, mpangilio mzima unatakiwa ufikiriwe upya, maana haufai kuendelea ukiwa umepungukiwa dawa muhimu.

Na hapa niseme kwa msisitizo: mgonjwa asiambiwe "acha dawa zote mpaka damu irudi" na mtu yeyote aliyeko dirishani. Bedakwilini hutoka mwilini polepole mno; nusu yake huchukua takriban miezi 5 na nusu kuondoka. Ukizikata zote kwa pamoja, nyingine zitaisha ndani ya siku chache na bedakwilini itabaki peke yake ikipambana na bakteria. Hiyo ndiyo njia ya kuutengeneza usugu dhidi ya dawa ambayo hatuna nyingi za kuiziba nafasi yake.

Linezolidi ikisimamishwa, chembe sahani kwa kawaida huanza kupanda ndani ya wiki moja hadi tatu. Hb huchelewa. Pima kila wiki mpaka zipande. Zisipopanda kabisa, basi sababu ni nyingine.

Hatua ya 7: Usiilaumu dawa kabla ya kupekua

Hb imeshuka peke yake, chembe sahani na neutrofili ziko imara? Tafuta damu inayotoka: makohozi, hedhi, choo cheusi. Chembe nyekundu ndogo, zenye MCV (wastani wa ukubwa wa chembe) chini ya 80, zinaelekeza kwenye upungufu wa chuma. Kubwa, zaidi ya 100, zinaelekeza kwenye upungufu wa foleti au vitamini B12, au zidovudini iliyosahaulika kwenye begi. Retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa, zikiwa nyingi uboho unafanya kazi na damu inapotea mahali. Zikiwa chache uboho ndio umelala.

Mahali penye malaria, pima malaria. Malaria hushusha Hb na chembe sahani pamoja, na inafanana na linezolidi kwa mhudumu mwenye haraka. VVU isiyodhibitiwa nayo hushusha chembe za kila aina. Eosinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zikipanda pamoja na vipele, homa na macho ya njano, huo ni mzio mkali wa dawa na haungoji jopo likae.

Hatua ya 8: Vidonge vya chuma kwa saa zake

Sehemu hii ni fupi lakini inakosewa kila mahali. Chuma hung'ang'ania moksifloksasini tumboni na kuizuia isifyonzwe. Mgonjwa anayemeza vyote asubuhi kwa pamoja, akidhani anajali afya yake, anaitupa moja ya dawa zake kuu. Moksifloksasini imezwe angalau saa 4 kabla ya chuma, au saa 8 baada yake. Levofloksasini, ya jamii hiyohiyo, huhitaji pengo la saa 2. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini zinafanya kosa hilohilo.

Tena usimpe kila mwenye Hb ya chini vidonge vya chuma. Kama chuma kimefungiwa na uvimbe, kitakachompandishia Hb ni matibabu ya TB yenyewe.

Hatua ya 9: Mwambie mgonjwa dalili, kwa lugha yake

Asiondoke kliniki bila kujua arudi lini kabla ya tarehe yake. Mwambie hivi, na umwombe arudie kwa maneno yake: ukihema kwa kupanda ngazi chache ulizokuwa ukipanda wiki iliyopita bila shida, ukipata kizunguzungu unaposimama, fizi au pua ikitoka damu, ukiona vidoa vyekundu miguuni visivyofifia ukivibonyeza, choo kikiwa cheusi, ukipata homa au vidonda mdomoni, njoo siku hiyohiyo. Ganzi nyayoni na macho kufifia aseme pia, hata kama ni kidogo. Mpe namba ya simu inayopokelewa.

Muulize kuhusu dawa alizonunua mwenyewe dukani, na uulize bila kufoka, maana ukifoka hatakuambia. Za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni zinaweza kumtoa damu tumboni, na hilo kwa mwenye chembe sahani chache ni zito.

Dozi ikipunguzwa au ikisimamishwa, jaza fomu ya madhara ya dawa siku hiyo, na uandike tarehe na dozi mpya kwenye ile karatasi ya mbele ya faili, mstari uleule wenye namba zilizosababisha uamuzi.